Zamu ya Kufuta

Kompyuta za ile shule ya Chanika, kule pembezoni mwa jiji, zilikuwa zimefunikwa vitambaa vya kudarizi, vya maua mekundu, kama redio ya bibi. Siku ya kwanza kuingia kile chumba nilicheka peke yangu, halafu nikakasirika. Zililetwa na wafadhili, zikapokelewa kwa ngoma na soda, zikafunikwa. Ufunguo akabaki nao Mkuu wa shule. Watoto waliokunywa zile soda wakiwa kidato cha kwanza, sasa walikuwa kidato cha pili na hawajawahi kushika hata kipanya.

Mie nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri mambo ya chuo, na nilishasoma kozi fupi ya kompyuta. Nikaenda pale kujitolea. Kazi niliyojipa ni moja: kuwasaidia walimu watumie mtandao darasani, watoto wafanye kazi pamoja badala ya kunakili notisi ubaoni mpaka vidole viume. Hayo ndiyo maneno niliyokuwaga nayasema kila nikiingia ofisi ya walimu. Walinisikiliza vizuri tu, wakanipa na kiti, halafu wakaendelea kusahihisha madaftari.

"Mdogo wangu," akaniambia ticha wa hesabu, "darasani kwangu watoto wamebanana mpaka dirishani. Hiyo intaneti yako itakaa wapi?"

Ofisi nzima ikacheka. Na mie nikacheka, ila moyoni nikasema, ngoja.

Aliyekubali alikuwa mmoja, tena yule ambaye sikumtegemea kabisa. Madam wa Kiswahili alikuwa mkubwa kiumri kuliko walimu wote pale, mtu wa bara, anavuta maneno taratibu mpaka unatamani umsaidie kumalizia. Mwaka ule alikuwa anastaafu. Mie nilikuwa nawinda walimu vijana. Yeye akanifuata mwenyewe nje, kwenye bomba.

"Binti, hicho kitu chako. Watoto wanaweza kuandika insha moja, wote, kwa wakati mmoja?"

"Wanaweza Madam. Ukurasa unakuwa mmoja, kila mtu anauona kwenye kioo chake. Mwenzako akiandika neno, unaliona linatokea."

"Na akikosea?"

"Unamrekebishia hapohapo."

Akafunga bomba, akakung'uta mikono. "Miaka yote nasahihisha insha peke yangu. Nataka niwaone wakisahihishana wenyewe. Siondoki hapa kabla sijaona."

Tukaenda kwa Mkuu. Sio mtu mbaya, ila alikuwa na ishu yake. Nyuma ya madarasa kulikuwa na lundo la madawati mabovu chini ya turubai, masika yanakuja, na kile chumba cha kompyuta kilikuwa na bati zima. Alishaamua kukifanya stoo.

"Mwalimu, kile chumba nimeshakipangia kazi."

"Nipe vipindi vya Alhamisi mpaka mwisho wa mwezi," Madam akasema. "Alhamisi ya mwisho uje ukae nyuma uone. Ukikuta wanacheza, ingiza madawati yako."

"Nitakuja kweli. Na nikikuta vurugu, Ijumaa yake naingiza."

Akampa ufunguo. Madam akaufunga kwenye ncha ya mtandio wake, akanigeukia pale mlangoni. "Umesikia. Usiniangushe."

"Siangushi mtu mie, Madam."

Mada tuliipata kwa hasira. Nilikuwa namwonyesha Madam jinsi ya kutafuta vitu mtandaoni, akaniambia niandike Chanika. Vikatokea viwanja vinauzwa. Nikashuka chini, viwanja. Nikaenda kurasa za mbele, viwanja, na vingine vimeandikwa havina maji.

"Kwa hiyo sie huku hatuishi?" akauliza. "Tunauzwa tu?"

Akaamua darasa lake la kidato cha pili liandike ukurasa mmoja wa jinsi mboga za Chanika zinavyofika soko la Mabibo. Ukiwa mzuri, tunauweka mtandaoni, Chanika nayo iwe na neno. Nusu ya wale watoto kwao wanalima. Nikaona kazi imeisha, hapo ni kuwasha tu.

Alhamisi ya kwanza Madam akaandika utangulizi yeye mwenyewe: asubuhi na mapema wakulima huvuna mchicha, huufunga mafungu, huupeleka sokoni. Nikawagawa watoto makundi, kila kundi kompyuta moja, nikawaambia haya, andikeni. Kila kundi likafanya wanavyofanyaga siku zote kwenye kazi za vikundi. Wakamkalisha mwenye mwandiko mzuri, wengine wakakunja mikono.

"Jamani, mwandiko wa nini?" nikapiga kelele. "Kompyuta haina mwandiko! Akae yeyote!"

Wakaniangalia kwa huruma. Wale wa mwandiko mzuri wakaanza kutafuta herufi moja moja, na kila mmoja akaanza kwa kunakili utangulizi wa Madam. Mpaka kengele inalia, tulikuwa na ukurasa mrefu ambao juu mpaka chini unasema asubuhi na mapema wakulima huvuna mchicha.

Alhamisi iliyofuata nikaja na nguvu mpya. Nikawaelezea kwamba ukurasa ni wa wote, mtu anaruhusiwa kugusa ya mwenzake. Wakaitikia ndiyo Sista kama kwaya. Hakuna aliyegusa. Nikamfuata kiranja wa darasa, msichana mkali ambaye hata walimu vijana wanamwogopa.

"Hapo si umeona pamekosewa? Mbona hufuti?"

"Sio yangu, Sista."

"Ndiyo maana nakwambia ufute."

"Nifute ya mtu? Ataniuliza mie kama nani."

Nyuma yake wawili walikuwa wananong'ona wakiangalia ule utangulizi. "Mchicha wa kuchuma asubuhi wa wapi? Si unafika Mabibo umenyauka kama bangi?"

"Kumbe mnajua!" nikasema. "Rekebisheni basi!"

Kiranja akanikazia macho. "Ameandika Madam."

Kwao mjadala uliishia hapo. Pale shuleni dasta ya ubao inakaa juu ya meza ya mwalimu, na hakuna mtoto anayeigusa mpaka mwalimu aseme futa. Nimesoma shule kama ile, nilikuwa najua, ila haikunijia kabisa kwamba ile dasta imeingia mpaka ndani ya kompyuta.

Jumatano, siku moja kabla Mkuu hajaja, tulikaa na Madam kibarazani baada ya vipindi. Nilikuwa nimechemka. Nikamwambia hawa watoto waoga, bora tuwape majibu waandike, Mkuu aone ukurasa umependeza, yaishe.

"Sio waoga. Wana adabu. Nimewafundisha mwenyewe, na nimefaulu sana," akasema, akacheka kidogo. "Na Mkuu sitamdanganya. Nitaondoka hapa nimeona kitu cha kweli au sijaona."

Mbele yetu zamu ya usafi ya kidato cha pili walikuwa uwanjani. Mmoja anamwagia maji vumbi lisiruke, mwingine anafagia, mwingine anazoa. Kiranja anapita nyuma yao na ufagio wake. Akafika kona ya yule anayefagia, akasimama.

"Wewe hapa umefagia au umepapasa?"

"Si upite wewe fundi!"

Wakacheka wote. Kiranja akaifagia upya ile kona, mwenzake akasogea kumpisha, maisha yakaendelea.

Madam alikuwa amenyoosha shingo. "Binti, unaona?"

"Naona vumbi, Madam."

"Mbona yule hajakasirika kufagiliwa upya?"

"Atakasirikaje? Si zamu ya wote."

"Enhee," akasema. Akanyanyuka na madaftari yake, akaondoka bila kunielezea kitu. Nilitaka kumkimbilia tupange. Nikamwacha.

Alhamisi Mkuu alikuja kweli. Akavuta kiti nyuma, akakunja mikono. Madam akasimama mbele.

"Leo hatuandiki insha. Leo tunafanya usafi. Zamu zenu si mnazijua?"

"Ndiyo Madam."

"Kila zamu ina aya yake, hicho ndicho kiwanja chenu. Wa kwanza anamwaga maji, yaani anaandika anachojua, kibaya kizuri. Wa pili anafagia, anafuta kisichofaa. Wa tatu anazoa, anapanga kilichobaki. Halafu mnabadilishana viti. Kiranja atapita nyuma. Na humu hakuna uchafu wa mtu, uchafu ni wa darasa."

Wakatazamana. Halafu mmoja wa nyuma akafuta neno la jirani yake, jirani akaruka, "We!" na yule akamjibu, "Zamu yangu, kaa." Basi. Ikawa sokoni. Kwenye kioo changu maneno yalikuwa yanatokea na kupotea, mihogo inaingia, bei inatoka, mtu anaongeza gari la mananasi lililokwama kwenye tope, mwingine anauliza kwa sauti tope la lini, si lilikuwa la mwaka jana? Nikasikia "umefagia au umepapasa" kutoka kila upande. Mkuu akaangalia saa yake. Nikakimbia kwenda kuwanyamazisha, Madam akanidaka mkono.

"Waache."

Lakini utangulizi wake ulikuwa bado uleule. Walikuwa wamesafisha kila kitu pembeni yake, kama wanavyofagiaga kuzunguka viatu vya mwalimu. Madam akauona.

"Kona hii ya juu zamu ya nani?"

Wote wakamgeukia kiranja.

"Yetu Madam," kiranja akasema, "ila pale ni pako."

"Pangu? Mie nimekuja hapa na kiwanja? Nimeuziwa lini?"

Wakacheka, ila cheko fupi.

"Pana uchafu au hapana?"

Kiranja akamwangalia Mkuu, akamwangalia Madam. Akasogeza kiti kwenye kompyuta.

"Shikamoo Madam," akasema, wakati asubuhi alishamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Futa."

Akafuta. Ile sentensi ikaliwa herufi moja moja kutoka mwisho, kwenye vioo vyote, na chumba kizima kilikuwa kinasikia kile kidole. Halafu akaandika kwamba mchicha huvunwa alasiri jua likipoa, ukaoshwa, ukafungwa mafungu, ukalala umefunikwa magunia mabichi, na alfajiri ukaenda Mabibo.

Mkuu akasimama. "Wewe. Umefuta maneno ya mwalimu wako?"

"Ndiyo Mkuu." Hakuinuka kwenye kiti. "Wa asubuhi unafika umenyauka."

Mkuu akaja mpaka kwenye kioo, akasoma kwa kidole. Moyoni nikaona madawati yanaingia mlangoni.

"Magunia mabichi," akasema. "Watu wa Mabibo watakuelewa. Wa Masaki wasiojua shamba je? Sema yamelowa maji."

"Rekebisha, Mkuu," Madam akasema. "Mpishe, kiranja."

Mkuu akasita. Akakaa. Akaandika kwa kidole kimoja, taratibu mpaka nikauma ulimi nisimsaidie. Alipomaliza, kasauti kakatoka nyuma, "Mkuu, hapo hujaacha nafasi." Mkuu akaangalia tena, akaacha nafasi, akainuka.

"Kelele zipungue," akasema. Alipofika mlangoni akageuka. "Mwalimu, kidato cha kwanza wanaingia lini humu?"

"Ukiwaletea mwalimu wa kukaa nao. Na madawati yako je?"

"Yatengenezwe. Dawati kazi yake kukaliwa."

Alipotoka Madam alikaa chini, kwenye kile kiti cha Mkuu, akawa anawaangalia watoto wanavyogombania aya ya mihogo. Mie nilikuwa nishaanza kukusanya vile vitambaa vya kudarizi nifunike kompyuta, mazoea.

"Unafanya nini?" akaniuliza.

"Nafunika, Madam."

Akaninyang'anya kimoja, akamrushia kiranja. "Kalowanishe hiki, mfute vioo, vimejaa vidole." Kisha akanigeukia. "Na wewe, kipindi bado hakijaisha. Nenda ofisini kaniletee yule wa hesabu, mwambie nimeshapata pa kuikalisha intaneti."

Nikaenda mbio.