Kicheko Mwishoni mwa Tangazo

Mpaka leo watu wa mtaani humwita Kipaza, ingawa vipaza sauti vyake viliuzwa chuma chakavu zamani, na kampuni yake sasa ina mabango kila barabara kubwa na ofisi ya kupanda kwa lifti. Jina lilimganda tangu enzi zile alipokuwa fundi redio, akafunga vipaza viwili juu ya gari bovu la mizigo na kuzunguka mitaani akiwatangazia wenye maduka bidhaa zao.

"Gari lako linapiga kelele kuliko tangazo," walimtania.

"Ndiyo maana watu wanageuka," aliwajibu. "Wakishageuka, nimewapata."

Tatizo lilikuwa sauti. Ya kwake ilikwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga, na hakumudu kumwajiri mtangazaji wa kweli. Basi mwenye kiwanda kidogo cha sabuni alipompa kazi, Kipaza alimgeukia mkewe. Walirekodi chumbani kwao. Godoro alilisimamisha dirishani, blanketi akalitundika mlangoni ili chumba kisitoe mwangwi, na mkewe akasimama katikati na mtoto mgongoni, maana akiwekwa chini alilia. Alikuwa binti yao wa kwanza, hajaota hata jino, na kwa vile alianza kupiga soga zake peke yake tangu alfajiri, walimwita Chiriku.

"Madoa, kwaherini!" mkewe alimaliza, akajirusha kidogo kwa vidole vya miguu. Mtoto mgongoni akaangua kicheko, kile cha kukatika katikati kikaanza upya.

"Ameharibu," alisema Kipaza, kidole tayari kwenye kitufe. "Turudie."

"Ameharibu nini? Acha hivyo hivyo. Wewe ukisikia mtoto anacheka, si unageuka?"

Akaacha. Sabuni ikaenda kama njugu. Watoto wakisikia gari linakuja walikimbia nyuma yake, wakilisema tangazo lote mpaka kicheko, kila mmoja akijifanya Chiriku. Kwa tangazo lile Kipaza alipata wateja wengine, akapata chumba cha ofisi, akaanza kuvaa tai.

Chiriku alikuwa ameshaanza kutembea homa ilipomchukua. Ilianza kama mafua tu. Baada ya mazishi mkewe alikikunja kisweta cha Chiriku, akakitia kwenye droo ya kabati, ndipo akaitaja ile kanda waliyorekodi chumbani, ambayo ya garini ilikuwa nakala yake.

"Iweke. Sasa hivi siwezi kuisikia. Nikipata moyo nitakuomba."

Kipaza alivunja vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kanda. Vikishavunjwa, mashine haikubali kurekodi juu yake tena. Akamwonyesha. "Umeona? Sasa hata mimi siwezi kumgusa. Nitaitunza kwenye droo yangu ofisini."

Lakini fundi redio haachi kuwa fundi redio. Wote wa enzi zile walijua kwamba ukiziba vile vitundu kwa karatasi iliyokunjwa, mashine inadanganyika. Kanda zilikuwa adimu. Za ofisini zilirekodiwa tangazo juu ya tangazo mpaka zikawa na sauti ya mvua. Ndipo ikaja kazi ya mafuta ya kupikia, kazi ya kumtoa mtu kwenye gari bovu na kumfikisha redioni, na mwenye mafuta aliitaka siku ileile, kwenye kanda safi. Iliyokuwa safi ni ile tu. Kipaza alijiambia kwamba kanda ya garini ina kicheko kilekile, kazi ikiisha atanakili kutoka kule. Akaziba vitundu. Akabonyeza.

Jioni alipokwenda garini alikuta mashine imeitafuna kanda ya huko, utepe umejisokota wote kama uzi wa mtu anayejifunza kufuma.

Hakusema. Kwanza alisubiri mkewe apate nafuu, halafu mtoto wa kiume akazaliwa, halafu kazi zikamjaa mpaka shingoni. Kampuni ikakua. Jambo moja tu liliwashangaza wafanyakazi wake: bosi hakutaka kicheko cha mtoto kwenye tangazo lolote, hata la nepi. Walidhani ni mbinu ya biashara. Mkewe naye hakuuliza kitu, na Kipaza akajifariji kwamba amesahau.

Siku alipomkabidhi mwanawe kampuni, walirudi nyumbani mchana kutoka kwenye sherehe. Mkewe alivua viatu, akakaa ukingoni mwa kitanda akisugua vidole vya miguu.

"Baba Chiriku," alisema. Jina hilo hakuwa amelitamka tangu mazishi. "Sasa nina moyo. Niletee ile kanda."

"Iko ofisini," Kipaza alijibu.

Na kweli ilikuwa ofisini, ndani ya droo ya meza yake. Alimpelekea fundi wa sauti, mwanamke kijana aliyetoka likizo ya uzazi juzijuzi, akamweleza tangazo la sabuni na kicheko kilichokuwamo. Fundi akaisikiliza mpaka mwisho.

"Kilichofutwa kimefutwa, mzee. Hapa kuna mafuta ya kupikia tu."

"Hata kidogo?"

"Hata chembe." Akamtazama usoni, akamwonea huruma. "Lakini sisi si watu wa matangazo? Sauti ya mama nitaiga mimi. Kicheko, ninaye wangu nyumbani, ukimpuliza tumboni anacheka mpaka anapaliwa. Natia na mkwaruzo wa zamani. Nani atajua?"

Maisha yake yote Kipaza alikuwa akiwauzia watu. Siku hiyo akanunua.

Alipoileta nyumbani kanda mpya, mkewe alifuta mikono, akafunga dirisha ili kelele za barabarani zisiingie, akakaa. Kipaza akabonyeza. Ukaja mkwaruzo, ikaja sabuni, yakaja madoa na kwaherini yake, kisha kicheko. Kilikuwa kicheko kizuri. Mkewe alisikiliza ameinamisha kichwa upande, kama anayesikiliza kifua cha mtoto mwenye kikohozi.

"Mtoto wa nani huyu?" aliuliza.

Kipaza aliizima mashine.

"Wa fundi wetu wa sauti."

"Ana afya. Mwambie mama yake asimchekeshe hivyo akiwa ametoka kunyonya, atatapika. Sauti ya mama ingenidanganya, yangu ya ujana nimeshaisahau. Ila Chiriku alikuwa akivuta pumzi kwanza ndipo acheke. Wangu yuko wapi?"

Kipaza akamweleza yote, karatasi na gari na utepe uliosokotana.

"Ulirekodi nini juu yake?"

"Mafuta ya kupikia."

"Yaliyotujengea nyumba hii."

Kipaza aliitoa kanda mpya kwenye mashine.

"Mimi nilikuwa nikipita chini ya ofisi yako," mkewe alisema, "natazama lile dirisha, najiambia, yumo mle. Najikaza nisiombe. Nilidhani namtunza." Akanyoosha mkono. "Nipe ile kanda ya zamani yenyewe."

Ilikuwa mfukoni mwa shati la Kipaza. Mkewe aliigeuza, akaona vile vitundu, na kwa ukucha akachomoa karatasi ya kwanza, kisha ya pili, akaziweka kiganjani mwa mumewe. Akafungua droo ya kabati, akaiingiza kanda ndani ya kisweta, akakikunja upya kama kilivyokuwa, akafunga.

Alikwenda kufungua dirisha, kelele za barabarani zikarudi. Kipaza alibaki amesimama na vile vikaratasi mkononi, hajui pa kuvitupa.