Mkono wa Kushoto mbele ya Enspekta

Juma zima kabla enspekta wa shule hajafika, hatukujifunza Kingereza. Tulijifunza kuinua mikono.

Anayejua jibu, mkono wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Lakini wote inueni, Prof, mwalimu wetu, alisema, mikono yote juu kama shamba la mahindi. Enspekta akiona shamba limesimama atafurahi, na yeye Prof atajua bua lipi lina mahindi na lipi lina majani tu.

Mimi nilipewa kushoto bila hata kuulizwa.

"Weye, kushoto."

"Prof, na nikijua?"

"Hautajua."

"Na mudomo je? Wa kulia ao wa kushoto?"

"Mudomo yako unafunga. Juma yote. Nakuomba, mutoto wa watu."

Darasa lilicheka. Yeye hakucheka, na hakukasirika pia. Aliketi juu ya ukingo wa meza akajifuta jasho kwa mkono uliojaa chaki, akabaki na paji la uso jeupe kama mtu aliyepigwa unga. Alikuwa ametoka shambani. Mimi pia. Wakati huo mpunga ulikuwa umeanza kuiva pande zote za barabara ya Kabambare, na kabla ya jua kutoka ulimkuta kila mtu shambani kwake anapiga debe kufukuza ndege. Tulifika shuleni tumechoka, mwalimu na wanafunzi, tukatazamana kama watu waliokutana kwenye kilio.

Lazima nieleze jambo moja. Prof wetu hakuwa wa Kingereza. Alikuwa wa jiografia. Yule wa Kingereza alikwenda Salamabila kutafuta dhahabu, akaaga Ijumaa, akasema anarudi Jumatatu. Hakusema Jumatatu ya mwaka gani. Prefe, mkubwa wa shule, alitazama walimu waliobaki, akampa huyu masomo ya Kingereza kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na kamusi. Angekuwa na mkasi, wangempa ushonaji.

Alikuwa anafundisha mwaka wa nne bila mshahara wa Serikali. Aliishi kwa kile wazazi walichochanga, na wazazi wetu walichanga kama mvua ya kiangazi. Sasa nafasi moja ilikuwa wazi kwenye listi ya mishahara ya Serikali: ile ya mwalimu aliyekimbilia dhahabu. Enspekta angekuja, angeangalia somo moja la Kingereza, angetia sahihi, na dosie, yaani faili lake, ingekwenda Kindu, kwa wakubwa wa mkoa. Asipotia sahihi, basi. Prof alishatuambia wazi kwamba mwaka wa tano wa bure hataumaliza, yeye pia anajua njia ya Salamabila. Mke wake alikuwa amekwisha kumfungia vyombo vya safari.

Na somo alilolichagua kwa siku hiyo, ndugu zangu, hata mimi nisingethubutu kulibuni. Aliandika ubaoni maneno ya Kingereza, *a wolf in sheep's clothing*, akaeleza ni methali juu ya mtu anayejifanya asivyo: mbwa-mwitu aliyevaa ngozi ya kondoo.

"Prof, sisi hatuna mbwa-mwitu," akasema dada mmoja wa benchi la mbele.

"Muko na chui. Bibi yako anasemaje? Chui ndani ya ngozi ya kondoo. Ni ile ile. Sasa tengenezeni sentensi."

Tukatengeneza. Yule dada aliandika kwamba baba yake alinunua kondoo Nyangwe na ndani mlikuwa na mbwa-mwitu, akaambiwa hapana, siyo ndani kabisa. Mwingine aliandika juu ya fundi wa pikipiki. Mimi niliandika juu ya mchele wa sokoni, juu mweupe, chini mawe. Prof aliangalia kamusi, akaangalia sentensi yangu, akaangalia kamusi tena.

"Hii inaenda," akasema polepole. Sikujua kama alikuwa ananisifu au anauliza.

Sentensi yangu ya kweli haikuwa kwenye daftari. Nilikuwa nayo mdomoni: *Prof wetu ni mbwa-mwitu aliyevaa ngozi ya kondoo.* Niliwaambia wenzangu wa benchi la nyuma kwamba nitaisema mbele ya enspekta. Walinipa karanga mapema, kama watu wanaolipia kiti.

Enspekta alifika saa nne na nusu juu ya pikipiki, matope mpaka magotini, kofia ya plastiki mkononi. Nilitegemea mtu wa kutisha. Nikaona mzee aliyechoka kuliko sisi wote. Aliomba maji, akanywa, akaketi kwenye benchi la mwisho, benchi letu, akafungua karatasi zake juu ya goti. Alinuka petroli.

Prof alifundisha. Sauti ilikuwa nyembamba, si yake. Aliuliza swali, na sisi, pa! Mikono arobaini juu. Akamwita mmoja wa kulia. Jibu sawa. Swali la pili, mikono arobaini. Wa kulia. Sawa. La tatu, vilevile. Nilikuwa nimeinua wangu wa kushoto mpaka bega likaanza kuuma.

"Profesa," enspekta akasema kutoka nyuma, "mimi pia nimefundisha miaka mingi. Niruhusu nimuite mumoja wa kushoto."

Prof alitazama mikono ya kushoto, mmoja mmoja.

"Huyu hapa karibu yangu. Simama, kijana. Sentensi."

Nikasimama. Benchi la nyuma lilikuwa linanitazama kwa macho ya watu waliokwisha kula karanga na sasa wanangoja ngoma. Nilimwangalia Prof. Chaki ilikuwa imekatika vidoleni mwake na hakuwa na habari. Ile sentensi ilifika mpaka kwenye meno. Nikaimeza. Nikasema ile ya mchele na mawe, kwa Kingereza, neno kwa neno.

"Vizuri. Na mutu wa vile iko hapa darasani?"

Nikasikia mtu anajizuia kucheka.

"Iko, Bwana Enspekta. Ni miye. Nimeinua mukono na sikutaka kuitwa."

Akatabasamu kidogo. "Na profesa wako je?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilitaka kumsaidia, na mimi kusaidia sijazoea, nimezoea kuchekesha. Nikasema haraka, "Prof wetu? Huyu anajua mito yote ya Congo bila kufungua kitabu!"

Enspekta aliangalia karatasi yake palipoandikwa Kingereza. Akamwangalia Prof. Hakuna aliyecheka, hata wale wa karanga. Nilitamani mtu aniambie niketi.

"Ni kweli," Prof akasema. Sauti yake ilikuwa imerudi ile nzito tunayoijua. "Mimi ni wa jiografia, Bwana Enspekta. Kingereza ninajifunza asubuhi, kabla yao. Ukurasa moja, ninawapa ukurasa moja."

Enspekta alivua miwani, akafikicha macho.

"Basi futa hayo. Nionyeshe Lualaba. Kwa Kingereza."

Prof alifuta ubao kwa mkono. Akachora mto kwa mstari mmoja, kutoka kusini, bila kuinua chaki. Akaanza kusema. Yalikuwa maneno madogo madogo: mto huu, mji huu, watu hawa, mtumbwi huu, maji yanakwenda huku. Alisimama katikati ya sentensi kutafuta neno, akaonyesha kwa mikono, neno likaja. Kamusi ilibaki mezani imefungwa. Alipofika Nyangwe aliuliza swali, na mikono ikainuka ovyo, kulia, kushoto, hakuna aliyekumbuka mpango. Nami nilielewa. Mara ya kwanza mwaka ule nilielewa Kingereza kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na hata sikuwa na nguvu za kufurahi.

"Inatosha," akasema enspekta. "Kingereza chako kinachechemea, profesa. Lakini kinafika."

Akatia sahihi juu ya goti lake, akavaa kofia, akaondoka kabla mvua haijakata njia. Wenzangu walidai karanga zao.

Dosie ilikwenda Kindu. Mpunga ukavunwa, ukapandwa mwingine. Kingereza sasa tunakisoma kwa mito, milima na mvua, na vyombo alivyofunga mke wa Prof, nasikia, bado viko kona moja ya nyumba. Juma lililopita aliingia amechelewa, viatu mkononi, suruali imekunjwa.

"Prof," nikamwuliza, na sikuwa natania, "jina yako imetokea kwenye listi?"

"Bado."

Aliketi, akavaa kiatu kimoja, akapumzika, akavaa cha pili.

"Fungueni madaftari."

Tukafungua.