Nafasi Sita Nilizojaza Bila Kuuliza

Nakumbuka Jumapili moja ya mwaka huu, mwanangu, nilisimamishwa kanisani mbele ya watu wote nikatamani kuwa mdogo kama punje ya mtama, nianguke chini ya benchi nisionekane tena.

Najua nasaha ni kazi ya wazee. Mimi nina miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne juzi tu, na wewe hujazaliwa. Hata baba yako simjui bado. Lakini nimeona nikingoja mvi ndipo nikuandikie, nitakuwa nimesahau jinsi ilivyouma. Wazee husimulia makosa yao yakiwa yamepoa. Langu bado lina moto, ndiyo maana mwandiko wa daftari hili umelala upande.

Siku hiyo pasta aliwaita waliopita mtihani. Tulikuwa watatu. Alipofika kwangu alinishika bega akasema, "Na huyu ndiye injinia wetu." Watu wakapiga makofi. Baba yangu, ambaye huuza vipuri vya magari mjini Nakuru na maisha yake yote amewauzia mainjinia vitu huku akiwaita "sir", alikuwa anafuta macho kwa mkono wa koti. Yeye ndiye aliyemwambia pasta. Mimi hakuna aliyeniuliza, na mimi sikusema kitu.

Kuanzia hapo jina langu, Nasimiyu, likapotea. Mama mboga: "Injinia, leo nikufungie sukuma?" Watoto wa jirani: "Injinia, baiskeli imetoka cheni." Nilicheka nao. Lakini ukweli ni kwamba sikuwa nimewahi kumwona injinia akifanya kazi hata siku moja. Nilijua hesabu. Nilijua fizikia ya kitabu. Zaidi ya hapo nilikuwa nimevalishwa koti la mtu mwingine, na kwa sababu naona haya kuongea, nikalifunga vifungo vyote.

Basi nikaenda saiba, duka la kompyuta la binamu yangu Brayo, kujaza kozi kwenye potali, ule mtandao wa kuombea vyuo. Potali hukupa nafasi sita, ya kwanza ndiyo unayoitaka zaidi. Brayo huchapa haraka kama mvua ya mawe.

"Ya kwanza?"

"Sijui."

"Si wewe ni injinia? Weka sivil, ile ya barabara na madaraja. Chuo?"

"Sijui."

"Wacha niweke hiki cha Nairobi, kila mtu anakijua. Ya pili?"

Nilipotoka zilikuwa zimejaa sita, zote uhandisi, zote vyuo nilivyovijua kwa picha za lango. Bendera hufuata upepo, mwanangu, na siku hiyo sikuwa hata bendera. Nilikuwa kamba yake.

Sasa nikujulishe kwa Kuka. Kuka ni babu, kwa lugha yetu. Alitoka magharibi akiwa kijana akaajiriwa na reli hapa Nakuru, na kazi yake ilikuwa moja: kutembea kando ya treni iliyosimama, akigonga kila gurudumu kwa nyundo ndefu na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti ya kufa, na behewa hilo haliondoki. Amestaafu zamani, anaishi nasi huku Lanet, nje ya mji, lakini mkono haujastaafu. Akienda kununua chungu, atakigonga. Akiletewa tikiti maji, ataligonga. Nilipokuwa mtoto alinigonga hata kichwa, kisha akasema, "Huyu ni mzima."

Jumatatu iliyofuata alikuwa mlangoni akinoa jembe. Akaniambia nimsomee nilichojaza. Nikasoma zote sita.

"Injinia hufanya nini?"

"Hujenga, Kuka."

"Hujenga? Mimi nikadhani anayejenga ni fundi."

Nikaanza kuisoma tena ya kwanza.

"Mara sita umeandika kitu ambacho hujakigonga hata mara moja," akasema, bila kuacha kunoa. "Pale wanapopanua barabara kuna injinia. Mwanamke, kofia nyeupe. Nenda umwulize kazi yake. Hiyo mashine yenu inafungwa lini?"

"Ijumaa. Kabla ya hapo mtu anaweza kubadilisha."

"Basi nenda."

Nilienda. Nikasimama kwenye ua wa mabati na kumtazama kupitia tundu. Alikuwa akitembea na karatasi kubwa iliyokunjwa, akielekeza, akipima, akipigia simu mtu wa lori. Kila nilipojiambia sasa, miguu ilikataa. Jamaa wa bendera nyekundu, anayesimamisha magari, akaniuliza, "Siste, unatafuta kazi ama unatafuta mtu?" Nikasema hapana, jibu ambalo hata halikulingana na swali. Nikaenda nyumbani. Jumanne nikarudi, nikasimama pale pale. Nilihesabu matangi ya maji, nikahesabu malori, nikafungua simu na kuifunga, nikaenda mpaka kwa duka na kurudi. Sikuongea na mtu.

Saa kumi Kuka alikuwa na chai yake.

"Umemwona?"

"Ndiyo."

"Akasemaje?"

"Alisema ni kozi nzuri."

Mwanangu, njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikuvuka hata meza. Kuka alichukua kijiko akagonga kikombe chake. Kikalia. Akanyoosha mkono akagonga changu, kile cha udongo chenye ufa ubavuni ambacho sote tunakijua. Tap. Kama mtu aliyegonga gogo.

"Leo nimepita hapo nikienda kununua dawa ya macho," akasema. "Huyo injinia ndiye aliniuliza: 'Mzee, kuna msichana amesimama kwa hilo tundu siku mbili. Ni wa kwenu? Tulidhani ametoroka nyumbani.'"

Sikujua niweke uso wapi. Yeye hakupandisha sauti, na hilo ndilo liliniumiza.

"Kumwogopa mtu si dhambi. Mimi msimamizi wangu nilimwogopa miaka kumi na moja, na alikuwa mfupi. Lakini ukinidanganya mimi, hasara ni kikombe cha chai. Ukijidanganya wewe mpaka Ijumaa ipite, hiyo ni miaka mitano ya kusoma, na huenda maisha. Nilikuwa naweza kupita gurudumu bila kuligonga, hakuna aliyenichunga. Lakini treni ingeondoka na watu ndani." Akanywa. "Kama mdomo umekataa, si una mkono?"

Ndipo nikararua ukurasa katika daftari hili. Niliandika maswali sita, moja kwa kila nafasi niliyojaza ovyo. Jumatano asubuhi nilipita ule ua, nikamfikia injinia, nikampa karatasi. Sikusema hata habari ya asubuhi. Nilimpa tu, kama mtu anayepeleka barua ya shule.

Jina lake ni Chelagat. Alisoma yote akiwa amesimama. "Wewe ndiye wa tundu," akasema. Kisha akageuza ndoo ya rangi, akaikalia, akanipa nyingine.

Akajibu moja moja. Kazi ya kila siku ni nini? "Kupima, kungoja simiti ishike, kugombana na lori ambalo halijaja, kuandika ripoti. Kuongea sana." Hapo nikatazama viatu vyangu, naye akaona. "Hata mimi nilianza nikiongea na viatu vyangu. Sasa naongea na vya wengine." Hesabu ni ngumu? "Ndiyo. Na hutazipenda zote." Swali langu la tano lilikuwa kuhusu chuo kipi ni kikubwa. Hilo alilisoma mara mbili.

"Hili si swali," akasema. "Mimi nilisoma chuo kilichokuwa na lango la marumaru. Siku ya kuhitimu mamangu alipiga picha hapo mpaka simu ikazima. Nilipoenda kujiandikisha kwa bodi ya mainjinia, nikaambiwa kozi yetu haijaidhinishwa. Nilichora madaraja, mtu mwingine akaweka sahihi. Nilirudi darasani nikiwa na mtoto mgongoni. Usiulize chuo ni kikubwa. Uliza bodi inaijua hiyo kozi? Uliza wana mashine za kujifunzia, ama wana picha za mashine? Uliza wanafunzi wa mwaka wa nne wako wapi wakati wa likizo."

Kisha, kwa sababu kazi ilikuwa ikimngoja, akafungua ile karatasi kubwa kukagua mtaro wa maji unaopita mbele ya kwetu. Niliuangalia mchoro. Na kitu kikanitoka mdomoni kabla sijakipa ruhusa.

"Maji hayapiti hapo."

"Yanapita wapi?"

Nikamwonyesha. Kila masika maji hutoka juu kwa shule ya msingi, hayafuati barabara hata kidogo. Hukata shamba la mahindi, huzunguka choo cha jirani na kutokea langoni petu, na Baba huweka magunia ya mchanga. Nimeyatazama tangu nikiwa na miaka sita. Wakati mmoja nilitupa viatu vya plastiki juu kule nione vitatokea wapi, nikachapwa kwa sababu ya viatu. Nilimwambia pia mahali yanapopungua kasi na mahali yanapochimba. Maji hufuata mkondo, na maneno yangu yakafuata mkondo wake. Nilipotazama juu, jamaa wa bendera alikuwa ameacha bendera, ananisikiliza.

Injinia Chelagat hakunisifu. Alimwita mpimaji wake akamwambia, "Kesho turudie vipimo hapa juu, kabla hatujamwaga simiti." Basi. Akanirudishia karatasi yangu akaenda.

Nilitembea nyumbani, nikapita lango, nikarudi. Sikuweza kukaa. Si furaha, mwanangu, usidhani. Ilikuwa kama ukivua kiatu kilichobana, mguu haujui ufanye nini.

Alhamisi nilipiga simu vyuo vitatu vyenye uhandisi wa maji. Mimi. Nilishika ile karatasi kwa mikono miwili, simu mezani, sauti juu, Kuka akiwa kando amefumba macho. Chuo cha kwanza kilikuwa kile cha jina kubwa. Nikauliza kuhusu bodi. "Wewe tuma tu maombi, hayo mengine utayajua ukifika." Kuka akafungua jicho moja. Hata mimi nilikuwa nimeusikia ufa. Cha pili hakikushika simu. Cha tatu, ambacho watu hukitaja wakicheka kwa sababu kiko katikati ya mashamba ya ngano, walinipitisha kwa mwalimu mmoja ambaye alikuwa akila kitu. Alimeza kwanza. Kisha akanieleza kozi ya uhandisi wa maji imeidhinishwa lini, mashine gani iko na gani imeharibika tangu mwaka jana, na wanafunzi hupelekwa wapi likizo. Aliyeniambia kilichoharibika ndiye niliyemwamini. Na kabla ya kulala niliingia kwenye orodha ya bodi yenyewe, nikaikuta kozi hiyo.

Ilibaki Baba. Ijumaa asubuhi nilimwambia akivaa viatu: nafasi ya kwanza nataka kuweka hicho cha mashambani, uhandisi wa maji, na ya sita nataka kuweka ualimu wa hesabu, maana naupenda pia na sijawahi kumwambia mtu.

Alikaa na kiatu kimoja. "Nasimiyu, nimeshaambia kanisa lote ni Nairobi."

"Kanisa ndilo litakalokaa darasani?" Kuka akauliza kutoka jikoni.

Baba akafunga kamba, akaifungua. "Na hiyo ya maji, una hakika ni kozi ya kweli?"

"Bodi inaijua. Niliuliza, kisha nikaiona kwenye orodha."

"Ulimtuma nani aulize?"

"Nilipiga simu."

"Wewe?" Aliniangalia kwa muda mrefu kuliko siku ya kanisani. "Wewe ulipiga simu?" Akavaa kiatu cha pili, akachukua funguo. "Twende kwa Brayo kabla potali haijafungwa. Na leo uongee wewe."

Niliongea. Brayo alilalamika kwamba namchelewesha.

Sasa tunangoja majibu ya nafasi. Huenda nikapata ya kwanza, huenda nikaangukia ya sita, huenda alama zangu zisifike popote nilipotaka. Naenda mlangoni, narudi. Pasta bado ananiita injinia. Sijui mwisho wake, na ndiyo maana naweza kukwambia bila kujivuna.

Mwanangu, sikukatazi jina kubwa wala kozi ngumu. Nakukataza kuandika usichokigonga. Kabla hujaweka miaka yako mahali, tafuta mtu anayefanya kazi hiyo leo, mwenye vumbi lake kwenye viatu, umwulize anafanya nini siku ya Jumatano ya kawaida. Uliza kozi inatambuliwa na nani. Usikilize jibu na usikilize sauti ya jibu, kwa sababu ufa husikika kabla haujaonekana. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kusimama kwenye tundu siku mbili kisha kurudi kusema umeingia. Ukiona haya, kama nadhani utaona kwa kuwa ni wangu, andika. Haya haikatazi mkono. Na watu wakikupa jina kabla hujalichagua, wapende, lakini usilifunge vifungo vyote.

Mungu akupe sikio la Kuka, na akukutanishe na mtu atakayegeuza ndoo akukalishe. Uendako uwe mzima, na ukirudi urudi ukilia kama kengele.

Karatasi yenyewe nimeibandika hapa chini. Swali la tano nimelikata kwa kalamu nyekundu, ulione. Usiitumie hii, mwanangu. Rarua ukurasa uandike yako.