Jumamosi za Kiingereza Bandarini

Mwaka wa kwanza wa chuo kikuu karibu wote sikufungua kinywa darasani, na si kwa kukosa la kusema. Shule ya msingi nilisoma kwa Kirundi, sekondari kwa Kifaransa, na nyumbani kwetu, mtaa wa Jabe, tulizungumza Kiswahili, maana mama aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni na wateja wake walitoka kila upande. Kiingereza nilikijua kama somo: vitenzi ubaoni, mtihani, basi. Kisha nikaandikishwa chuo kimoja cha binafsi kule Gihosha, kusomea uchukuzi na biashara, na ghafla kila kitu kikawa kwa Kiingereza, hata tangazo la kukatika maji.

Wenzangu waliosomea Uganda na Kenya waliucheka mzaha wa mwalimu papo hapo. Mimi nilicheka nyuma yao, nikiangalia nyuso. Nyumbani, kurasa tatu na kamusi zilinimalizia jioni nzima.

Mtihani wa kwanza, neno moja liliniangusha. Swali lilieleza mzigo uliokwama njiani, likasema kwamba "eventually" ungefika Kigoma. Nikalisoma kwa macho ya Kifaransa: éventuellement, yaani huenda. Nikajaza kurasa mbili nikimshauri mwenye mzigo ajiandae kwa hasara. Kumbe maana yake ni hatimaye, mzigo ungefika. Nikapata sifuri, na pembeni mwalimu ameandika kwa wino wa kijani: soma swali. Nilijifungia chooni nikalia, kwa sababu swali lile nilikuwa nimelisoma mara tano.

Kwenye kiti cha nyuma yangu alikaa mwanamume wa miaka arobaini na ushei, tuliyemwita Papa, yaani baba, kwa kuwa alituzidi sote umri, mwalimu pia. Alikimbia vita Uvira, ng'ambo ya ziwa, pamoja na mkewe, akaanza kwa kubeba magunia bandarini, na sasa alishughulikia makaratasi ya forodha. Kiingereza alikiokota kwa mabaharia wa Zambia. Alikisema kwa sauti kubwa, vitenzi vimepinda, bila haya, na watu walimwelewa. Lakini akishika kalamu, karatasi yake ilirudi imejaa kijani.

Siku ile alinikuta kwenye korido, macho mekundu.

"We mutoto, juu ya nini unalia?"

Nikampa karatasi. Akasoma jibu langu polepole, akifuata mistari kwa kidole.

"Iko muzuri hii. Mi siwezi kuandika hivi."

"Lakini Papa, ni sifuri."

"Yako ni sifuri ya neno moja. Yangu ni ya maneno yote."

Nikacheka huku kamasi zikinitoka.

Tukapatana. Kila Jumamosi saa sita, wapagazi wakila, niliteremka bandarini tukakaa kwenye benchi nje ya ofisi yake. Nilimrekebishia sentensi. Naye alifunga daftari langu, akanipa karatasi za mizigo, za saruji, za bati, nieleze kwa mdomo. Nikikwama nikaomba Kifaransa, alikataa.

"Apana tafuta neno ya muzuri. Sema neno iko karibu."

Mwisho wa mwaka kila mwanafunzi alitakiwa kueleza kazi yake mbele ya darasa. Yangu ilihusu kwa nini mizigo hukaa bandarini siku nyingi. Sentensi ya pili tu, nilitamka "warehouse" kwa namna iliyoiangusha safu ya mbele kwa kicheko. Nikaanza kukusanya karatasi zangu.

Mwalimu, mwanamke kutoka Uganda niliyemwogopa sana, akaweka kalamu chini.

"Wewe naanza na Kiswahili," akasema. Kiswahili chake kilikuwa kibovu kuliko Kiingereza changu, na hakuna aliyethubutu kumcheka. "Sisi nasikia."

Nikaeleza yote kwa Kiswahili: mashua, mihuri, karani asiyekuwepo. Nilipomaliza akaniambia nirudie kwa Kiingereza, bila haraka. Nikarudia. Sikutafuta maneno mazuri. Papa akanyoosha mkono, akauliza kwa Kiingereza swali alilokuwa ananiuliza kila Jumamosi, mzigo huu umekwama wapi, nami nikamjibu nikimtazama machoni.

Wenzangu walipotoka, mwalimu aliniita mezani kwake. "Mtihani ule nilidhani hukusoma swali," akasema kwa Kiingereza cha taratibu. "Ilinipasa nikuulize kwanza."

Nilivuka mwaka kwa alama za wastani. Papa alianguka kwenye mtihani wa kuandika, akaanguka tena kwenye mtihani wa marudio. Nilijua Jumamosi za mwisho tulizitumia zote kwa kazi yangu, na nilipomwendea nilishindwa hata kumsalimu vizuri.

"Papa, ni kosa langu."

"Kosa gani? Nitarudia mwaka. We kuja tu Jumamosi."

Nikaenda. Sasa ilikuwa kuandika tu: nukta, vitenzi, aya moja hadi inyooke. Alichukia aya. Aliandika ile ile mara nne, mara tano, akisonya, mkono ule wa kubeba magunia ukikamua kalamu kana kwamba itamponyoka.

Mwaka uliofuata nilisimama naye mbele ya ubao wa matokeo. Alitafuta jina lake kwa kidole, akalipata kati ya waliofaulu, akalisoma tena herufi kwa herufi. Kisha simu yake ikalia: mashua ya saruji imefunga gati. Akanishika bega, akateremka kwenda kazini.