Amefunga mizigo ya wasafiri miaka 31, wa kwake unamtoa jasho

Saa mbili asubuhi, na tayari kuna ugomvi kwenye mkeka wa Mama Kamba.

Msichana wa miaka ishirini na kitu, anayeondoka na basi la saa tano kwenda kuanza kazi ng'ambo ya mpaka wa tatu, ameleta sanduku jekundu lenye magurudumu na zipu iliyokwisha kukata tamaa. Mama Kamba amelifungua na kulipekua. Sasa ameinua pasi ya umeme kwa vidole viwili, kama aliyeshika panya kwa mkia.

"Hii inakwenda wapi?"

"Ya kunyooshea nguo, mama."

"Huko uendako watu wanavaa nguo zilizokunjamana?"

"Hapana."

"Basi pasi zipo. Toa."

Inatoka pasi, linafuata sufuria, kisha mto wa kulalia. Kwenye mto msichana anagoma. Anaukumbatia na kuapa kwamba siku tatu ndani ya basi bila mto hawezi. Mama Kamba anamtazama, anacheka, anasalimu amri.

"Haya, huo utaupakata. Ukikumbuka nyumbani utakuwa na pa kulilia."

Mama Kamba ana miaka 57, na kwa miaka 31 amekuwa akifunga mizigo katika stendi ya mabasi yaendayo nchi za nje. Ofisi yake ni mkeka, turubai la bluu na stuli moja, kati ya dirisha la tiketi na choo cha kulipia. Kwa begi moja hutoza bei ya sahani ya chakula cha pale pale stendi. Jina lake halisi wanalijua mumewe na watu wa vitambulisho.

"Watu hupanga shati kwa shati, suruali kwa suruali," anasema huku akikunja blauzi mpaka inakuwa ndogo kama andazi. "Mimi napanga kwa mipaka."

Maana yake ni hii. Vitu vya kutumia baada ya mpaka wa tatu vinalala chini kabisa. Juu yake anatandika gazeti. Vya mpaka wa pili vinafuata, kisha gazeti jingine. Juu kabisa ni vya mpaka wa kwanza: sweta, mswaki, sabuni, taulo.

"Ofisa akifungua akakutana na sabuni, anakuona mtu wa maana. Akikutana na chupi, anataka kujua kuna nini zaidi."

Kitu kimoja hakiingii kwenye sanduku hata uwe nani: karatasi. Pasipoti, cheti cha chanjo na barua ya kazi vinakaa kwenye kifuko cha kitambaa alichoshona kwa mkono wake. Kifuko hicho hakiuzi. Anamvisha msafiri shingoni bure, na asipokiona kimening'inia, sanduku hafungi. Msichana anainamisha kichwa, anavishwa kama mshindi wa mbio.

"Picha ya mama yako umebeba?" anamuuliza.

"Ziko kwenye simu, nyingi tu."

"Simu ikizima, na mama kazimika?"

Zamani, anasema, mzigo ulikuwa unaongea. Mabasi yalikuwa na kereya juu ya paa, na paa lilikuwa linabeba maisha ya mtu yote: godoro, baiskeli, cherehani, sanduku la bati lenye jina limeandikwa kwa rangi. Kuna bwana alileta kabati la vyombo, na vyombo vimo ndani. Mama Kamba alilifunga, na likafika bila kikombe kuvunjika. Bwana huyo alithibitisha kwa barua, maana enzi hizo watu waliandika barua kuelezea vikombe.

Basi moja lilimpa mizigo thelathini. Siku hizi akipata sita, ni sikukuu. Mabasi mapya yana buti chini, masanduku yana magurudumu, na vijana wamejifunza kufunga kwa kutazama video.

"Kilichonitoka si kazi, ni kelele," anasema. "Mtu mmoja akisafiri, walikuja kumi na tano. Shangazi analia, mjomba anagawa ushauri ambao hajaombwa, mtoto anataka kupanda naye. Leo mtu anasindikizwa na simu."

Katika mizigo yote hiyo kuna mmoja ambao angetoa chochote aufunge upya. Ulikuwa wa mdogo wake.

Miaka 24 iliyopita, mdogo wake huyo alipata nafasi katika chuo cha uuguzi nchi ya mbali. Mama Kamba, fundi mwenye sifa zake, akaamua kumfungia mzigo ambao mwizi hajazaliwa wa kuugusa. Alichukua pasipoti na barua ya chuo, akavificha katikati ya godoro, akalikunja, akalikaza kamba kwa mafundo kumi na moja. Kisha akahakikisha linakuwa la kwanza kupandishwa kwenye kereya, likae chini ya mizigo ya basi zima.

Mwizi gani angelifikia? Hakuna. Wala mwenye godoro.

Mpaka wa kwanza walifika jua linaelekea kuzama. Konda akapanda juu, akashusha mzigo mmoja mmoja huku abiria wakimsonya. Godoro lilipotua chini, mafundo yakakataa vidole, yakakataa meno. Kisu kilipopatikana, dirisha la uhamiaji lilikuwa limefungwa hadi asubuhi. Abiria wengine walishagongewa mihuri. Basi likaondoka.

Basi lililofuata lilikuja baada ya siku nne. Chuo kikawa kimempa nafasi mtu mwingine.

Mdogo mtu akabaki pale pale mpakani. Alianza kwa kuwapikia chai wasafiri waliokwama kama yeye, na leo ana mkahawa wa meza sita. Nyumbani hakuwahi kurudi. Hata mama yao alipofariki, alituma rambirambi kama jirani.

"Tunapigiana," anasema Mama Kamba. "Tunaongea bei ya sukari, mvua, magoti yanavyouma. Godoro hatuligusi."

Aliwahi kukata tiketi ya kwenda kumwona, miaka tisa iliyopita. Alipanda, akakaa, injini ikanguruma, akashuka. Konda akamrushia begi lake kupitia dirishani.

"Niliogopa atakavyonitazama."

Mwezi uliopita simu ililia. Mdogo wake ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na Jumatatu ijayo anafanyiwa upasuaji. "Dada," alimwambia, "bandeji ikitolewa, sitaki kuanza na sura ya daktari. Njoo."

Basi ni Alhamisi. Leo Jumanne, nyumbani kwa Mama Kamba, begi la kijani liko wazi kitandani kwa mara ya nne. Amepanga, amepangua. Mumewe, mpishi mstaafu wa shule, ameegemea mlango anakula ndizi na kufurahia tamasha.

"Umefunga mizigo ya nusu ya dunia, kibegi cha siku ishirini kinakuchezesha kwata?"

"Baba watoto, kama huna la kusaidia, kula ndizi yako kwa adabu."

Kinachomtatiza ni viatu. Amemnunulia mdogo wake namba 37, namba aliyoondoka nayo.

"Miaka ishirini na nne ya kusimama jikoni," anasema mume, "huo mguu bado ni 37?"

Mama Kamba anachukua simu, anaiweka sauti kubwa.

"Mdogo wangu, unavaa kiatu namba ngapi?"

"Thelathini na tisa. Kwani kuna nini?"

Mume anaacha kutafuna.

"Lile godoro," anasema Mama Kamba, "nilifunga mimi."

"Najua, dada. Nilikuwepo."

Upande wa pili kunasikika kicheko, kisha vyombo vikigongana.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Hilo haliombwi kwenye simu. Uje uniambie nikikuona."

Simu inakatwa. Mama Kamba anajifuta uso kwa upande wa kanga, anatoa viatu, anaviweka kando vikabadilishwe. Halafu anamwonyesha mumewe tiketi ambazo alikuwa hajazionyesha kwa mtu. Ya kwenda ni moja. Za kurudi ni mbili.

"Yeye anajua?" anauliza mume.

"Hajui."

"Na akikataa kurudi?"

"Nitarudi na kiti chake," anasema Mama Kamba. "Safari ya siku nzima. Mtu akiuliza hapa pana mtu, nitamwambia pana."