Mafuta ya Vidanje

Juzi hapa Goma fundi alikuwa anafanya vidanje, anabadilisha mafuta ya injini ya gari, na harufu ya mafuta meusi ikanirudisha kijijini kwetu Kashebere. Mchana ule wa kukimbia vita, Mama alikuwa anafunga magodoro juu ya kagari ketu. Papa alilala chini yake, akamwaga mafuta ya zamani ndani ya beseni, akatia mapya. Alisema gari haiendi mbali bila vidanje. Kisha alichukua burashi, akapaka yale machafu kwenye mbao za nyumba yetu.

“Papa, nyumba nayo iko inaenda?”

“Iko inatungojea, mama,” akanijibu.

Mimi nikaelewa kwamba itakauka kwanza, kisha itatufuata.

Sasa najua alikuwa anazuia mchwa. Mchwa hawakuigusa. Jirani aliyebaki alituambia kwamba wapiganaji walipoichoma, nyumba iliwaka upesi sana.