Mkwe Aliyekwenda Kutalii Feri

Mwanaheri wa Mtoni kwa Azizi Ali alikuwa mwanamke wa dharau, na mtaa mzima ulimjua hivyo. Alikaanga samaki barazani kwake tangu mumewe alipofariki, na kwa karai lile alisomesha watoto watatu. Walaji walimstahi kwa sababu samaki wake hawakuwahi kunuka, ila hakuna aliyemzoea. Mtu akimbonyeza changu kwa kidole na kuuliza, "Wa leo huyu?" Mwanaheri alimtazama kuanzia viatuni, akapanda taratibu hadi usoni, kisha akamgeuzia mgongo akaendelea na karai lake. Jibu ndilo hilo. Anayetaka, anunue, asiyetaka, mbele kuna duka la soseji.

Mwanawe wa mwisho, Salma, alikuwa muuguzi Dodoma. Mwaka huu alikuja likizo akiwa na mwanamume. Jina lake Nurdin. Wazazi wake ni watu wa Lindi, lakini yeye kazaliwa Dodoma na kukulia Dodoma, na huko huko kapata kazi ya ofisini. Alikuja kujitambulisha. Alitoa shikamoo vizuri, alivua viatu mlangoni, na alileta zabibu na karanga. Mwanaheri alizipokea kwa mikono miwili, akaenda jikoni akazitazama. Zabibu! Mtu anakuja kuposa kwa zabibu, kama anakwenda kumwona mgonjwa.

Hakumpenda, na sababu hakuwa nayo ila hizo ndogondogo. Mikono laini kama ya bibi harusi. Kucheka kabla ya kusema. Kusema "kiukweli" kila baada ya maneno mawili.

Siku ya pili, wakiwa kwenye chai, Nurdin akasema, "Mama, kiukweli mie sijawahi kufika Feri. Nimelisikia sana lile soko la samaki. Ningependa siku moja twende, niwe kama natalii hivi."

Mwanaheri aliweka kikombe chini. Miaka yote hiyo amekwenda Feri akiwa na homa, akiwa kwenye matanga ya kaka yake. Leo anaambiwa ni mahali pa kutalii.

"Kesho," alisema. "Nikishaswali alfajiri. Ukilala nakuacha."

Salma alimtupia mama yake jicho. Alimjua. Lakini Nurdin alishafurahi, na haikufaa kumharibia.

Asubuhi alitokea amevaa raba nyeupe pepe. Mwanaheri aliziona. Angeweza kumpa mabuti ya marehemu mumewe, yalikuwa uvunguni. Hakumpa. Alimpa tenga abebe, wakapanda bajaji wakaenda.

Feri ilikuwa imeshachemka. Sakafu inateleza kwa maji ya barafu na magamba, wapagazi wanapita mbio na ndoo kichwani wakipiga kelele, "Pisha! Pisha! Utachafuka!" na waparaji wamekaa safu moja, visu vinakwenda, magamba yanaruka hadi kwenye nyusi. Mwanaheri alipita katikati yao kama mtu anayepita sebuleni kwake. Huku anaamkiwa, kule anataniwa, naye anajibu kwa kidevu.

Nyuma yake Nurdin alikuwa anaruka madimbwi kama jogoo aliyelowa. Leso puani, leso yenyewe imenyunyiziwa manukato. Kwa mkono wa pili alishika simu, anapiga picha kila kitu: kunguru, kolekole, miguu ya watu. Alimwomba mchuuzi mmoja ampe pweza amshike apigwe picha. Pweza alipomviringishia mnyiri mmoja kwenye kifundo cha mkono, Nurdin alipiga ukelele uliowafanya waparaji wasimamishe visu.

"Mama," alisema alipotulia, "kiukweli hapa wangeweka vigae na harufu nzuri, wageni wangekuja wengi."

"Waje kufanya nini?"

"Kuona."

"Samaki haonwi, mwanangu. Samaki analiwa."

Hapo walikuwa wamefika mnadani. Dalali alikuwa Shomari, mtu mzima wa Kigamboni mwenye sauti ya kukwaruza, anayemjua Mwanaheri tangu hajaota mvi. Mbele yake alikuwa amelala samaki taa mmoja, mpana kama mlango, mkia wake umeshakatwa. Wanunuzi walimzunguka watatu watatu. Mwanaheri hakuwa na haja naye. Yeye alifuata vibua na changu wadogo. Alisimama tu kuangalia nani atabebeshwa.

Nurdin aliona vichwa vya watu vinamziba. Akanyoosha mkono juu na simu yake ili apate picha nzuri. Shomari akamwona, akapandisha bei. Nurdin akanyoosha zaidi, na kwa furaha akaweka dole gumba. Shomari akapandisha tena. Watu wakageuka kumtazama huyu tajiri mpya, wengine wakarudi nyuma.

"Mara ya kwanza! Ya pili! Ya tatu!" Shomari akapiga kofi. "Taa wa braza mwenye raba nyeupe! Mchukue!"

Ilimchukua Nurdin muda kuelewa. Alipoelewa, uso ulimwisha damu. "Mie? Hapana, mie nilikuwa napiga picha tu."

"Mnada haupigwi picha, braza. Mnada unanunuliwa." Sauti zilishaanza kupanda nyuma. Aliyeshindwa bei alitaka kujua kwa nini amepandishiwa na mtu anayecheza. Shomari akamwangalia Nurdin, akaangalia tenga mkononi mwake, tenga ambalo soko zima linalijua. "Wee si umekuja na Mwanaheri?"

Nurdin aligeuka akamtazama Mwanaheri, aliyekuwa hatua moja tu kutoka kwake.

"Huyu mama? Hapana," alisema. "Mie simjui. Kanipa tenga nimshikie tu."

Halafu mparaji mmoja alicheka, cheko fupi la puani.

Jambo la kwanza alilohisi Mwanaheri halikuwa hasira. Ilikuwa raha. Nilijua, alijiambia. Nilijua tangu zabibu. Raha ile ilimpanda hadi kooni, tamu, ndipo akakumbuka kwamba kile anachokifurahia ni aibu ya mwanawe, na ikamgeukia shubiri.

"Taa ni wangu," alimwambia Shomari. Akafungua fundo la kanga akalipa pale pale, fedha aliyotoka nayo kwa ajili ya vibua. Hakuna aliyebishana. Alipogeuka, tenga lilikuwa chini na Nurdin hayupo.

Nusu ya asubuhi ilipotea kwenye taa yule. Alitafuta wa kumkatakata, akawauzia wakaangaji mapande kwa bei ya kuwabembeleza, na yeye Mwanaheri hakuwahi kubembeleza mtu. Kilichobaki alikibeba nyumbani.

Alimkuta Nurdin amekaa mkekani, kaoga, anakunywa chai. Raba zimeanikwa ukutani.

"Mama, pole," Salma alisema. "Nurdin kasema tumbo lilimvuruga, ukamruhusu atangulie."

"Ehe," alisema Mwanaheri. "Tumbo."

Akaingia jikoni. Akakuna nazi, akatia bizari na ndimu, akampika taa yule kwa uangalifu ambao hata marehemu mumewe hakuwahi kuupata. Akapakua, akamnawisha mgeni kwa mkono wake mwenyewe. Nurdin alikula, akaongezwa, akala tena.

"Mama, kiukweli samaki gani huyu? Mtamu!"

"Ndiye yule uliyemnunua."

Nurdin alirudisha tonge sahanini. Salma alimtazama mama yake, akamtazama Nurdin, na akaomba aelezwe. Mwanaheri alimweleza, bila kuongeza chumvi. Haikuhitaji.

"Ni kweli?" Salma aliuliza.

"Salma, ile ilikuwa ishu ndogo tu. Wale watu wahuni, ningebishana nao wangenipora simu."

Salma aliinuka akatoka uani. Mama yake alimfuata.

"Ulimpeleka makusudi," alisema Salma.

"Nilimpeleka makusudi. Lakini maneno sikumtia mdomoni."

"Najua." Salma alikuwa analia bila sauti. "Baba naye alikuwaga hivyo hivyo. Rafiki zake wa kule Kipawa wakija hapa alikuwa anasema wewe ni mpangaji wake. Umeishi naye."

Mwanaheri aliegemea pipa la maji. Hakujua kwamba mtoto alisikia.

"Ndiyo," alisema mwishowe. "Na nilimdharau mpaka naosha maiti yake. Wataka maisha hayo?"

Salma alijifuta macho, akarudi ndani kumwambia Nurdin la kufanya. Kesho yake alimwamsha kabla jua halijatoka, wakaenda Feri wote watatu. Nurdin alisimama mbele ya Shomari na wale waparaji, akasema kwa sauti inayosikika kwamba huyu ni mama yake, na jana alimkana kwa woga. Alisema hadi mwisho.

"Haya," Shomari akawaambia waparaji, "mnamwona mkwe? Laini, hana hata gamba la kupara." Soko likaangua kicheko.

Nurdin alichekwa mpaka akachoka kuchekwa. Kisha akamwomba Mwanaheri msamaha, kapiga magoti kwenye maji yale ya samaki.

"Nimekusamehe," alisema Mwanaheri. Alimsamehe kama anavyopokea samaki wa barafu: hakumtupa, ila hakumsifia.

Walioana baada ya mfungo, Mtoni hapo hapo, kwa sababu Salma alitaka. Mwanaheri alipika pilau, alicheza, alipokea wageni. Wakwe wa Lindi walimsifu kwa ukarimu. Siku hizi Nurdin akija kutoka Dodoma huleta mchele, na huamka alfajiri kwenda sokoni bila kuambiwa. Mwanaheri humpa mabuti. Humkaribisha, humlisha, humuuliza hali ya wazee wake. Majirani wakimuuliza ni nani yule anayebeba tenga, husema, "Ni mume wa Salma," basi, na kuendelea kugeuza samaki wake.